Moyo Ulioanza Kuumwa Kooni

Kila kambi ya madaktari bingwa wa moyo inapotua Mbeya, habari huandikwa kwa mtindo uleule: foleni nje ya jengo tangu alfajiri, idadi ya waliopimwa, idadi ya waliopewa rufaa kwenda Dar es Salaam, mama mmoja wa kitenge akishukuru. Kambi zenyewe sina ugomvi nazo. Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) ianze kazi mwaka 2015, wagonjwa ambao zamani walisubiri kibali cha kupelekwa India wanapasuliwa hapahapa nchini, na tiba mkoba imemleta bingwa kwa mgonjwa ambaye asingeweza kumfuata. Ninachogombana nacho ni namna tunavyozisoma takwimu zake. Tunahesabu rufaa kama mkulima wa Mbozi anavyohesabu magunia ya kahawa. Kwa mtoto aliyezaliwa na tundu kwenye moyo, sawa, tushangilie. Kwa kijana wa miaka 19 ambaye valvu zake zimekakamaa, rufaa ile ni taarifa ya msiba iliyochelewa kutufikia. Ugonjwa wake ulianzia kooni akiwa darasa la pili au la tatu, ukapita kimya, na ungeweza kuzuiwa kwa dawa ambayo dunia inayo tangu miaka ya 1950. Niseme mapema ili tusipoteane: vita ya valvu katika Nyanda za Juu Kusini inapiganiwa zahanati, na zahanati haijaambiwa kwamba iko vitani.

Mkanganyiko unaanzia kwenye jina. Mtaani, mtoto yeyote mwenye shida ya moyo "ana tundu". Lakini tundu ni hitilafu ya kuzaliwa nayo, na mara nyingi hakuna jambo ambalo mama angefanya kulizuia. Valvu ni habari nyingine kabisa. Valvu ni milango midogo ya moyo inayoruhusu damu kwenda mbele na kuizuia kurudi nyuma, na mtoto huyu alizaliwa nayo ikiwa nzima. Kitu kiliiharibu. Tukiwaweka wote kwenye kapu moja la "watoto wenye matatizo ya moyo", kama magazeti yetu yanavyofanya (nami nimewahi kufanya), tunakuwa tumeufuta ule ukweli mmoja unaodai kitu kutoka kwetu, kwamba kundi la pili linazuilika.

Kinachoharibu valvu ni bakteria anayeitwa streptokoka wa kundi A, ingawa yeye mwenyewe hafiki hata kwenye moyo. Huvamia koo, hasa la mtoto wa miaka 5 hadi 15. Mafindofindo huvimba, ugali haupiti siku tatu nne, kisha mtoto hupona hata asipopewa kitu. Hapo ndipo tunapodanganywa. Kwa baadhi ya watoto, wiki 2 au 3 baadaye, kinga ambayo mwili uliitengeneza kumkabili bakteria huyo inageukia viungo na moyo wa mtoto mwenyewe, kwa kuwa sehemu fulani za bakteria zinafanana na nyama ya moyo. Ni kama sungusungu waliotoka usiku kumsaka mwizi, wakamkuta mwenye nyumba uani kavaa shati la rangi ileile. Mtoto hupata homa na maumivu ya viungo yanayohamahama: leo goti la kulia, keshokutwa kifundo cha mguu, wiki ijayo kiwiko, na kila kiungo kinapona chenyewe maumivu yanapohama. Madaktari wana msemo wa zamani kwamba homa hii hulamba viungo na kuuma moyo. Shambulio moja linaweza kupita bila kuacha alama kubwa. Lakini aliyeshambuliwa mara moja hushambuliwa tena kirahisi kila streptokoka anaporudi kooni, na kila mara valvu, hasa ile ya mitrali iliyo upande wa kushoto wa moyo, inapata kovu juu ya kovu mpaka inashindwa kufunga, au kufunguka, au vyote viwili.

Kwa Kiswahili ugonjwa huu tumeupa jina la homa ya baridi yabisi, na naamini jina hilo limetugharimu. Baridi yabisi ni ugonjwa wa magoti ya bibi. Na huku kwetu, ambako Juni na Julai Makete na Uporoto huamka na barafu kwenye majani, baridi hubebeshwa kila lawama. Mtoto akilalamika goti, anaongezewa sweta na kuchuliwa kwa dawa ya kuchua. Anapona, maana maumivu yale lazima yahame, na dawa ya kuchua inapata sifa isiyostahili. Anayefika zahanati naye ana nafasi kubwa ya kurudi na moja ya majina mawili yanayotawala vituo vyetu siku hizi: taifodi au UTI. Na kama shida ni koo lenyewe, kuna jirani atakayesema mtoto ana kimeo, na kuna fundi wa kukikata. Ninaposikia mtu akisema wazazi wetu hawajali koo la mtoto, huwa nashangaa. Wanalijali kiasi cha kumpeleka mtoto kwenye kisu. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia kwamba hatari iliyomo kooni inaelekea kifuani.

Ukimya wa ugonjwa huu una vipimo. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watoto wa shule wa Msumbiji na Kambodia. Kwa upande wa Msumbiji, daktari aliposikiliza kifua kwa kifaa cha masikioni, walipatikana kama watoto 2 kati ya kila 1,000 wenye valvu zilizoharibika na homa hii. Watoto walewale walipopimwa kwa eko, ile mashine inayopiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, idadi ikawa 30 kati ya 1,000. Maana yake, kwa kila mtoto ambaye sikio la daktari lilimkamata, zaidi ya kumi walikuwa wanacheza mpira uwanjani na jeraha lisilosikika. Msumbiji ni jirani wa Ruvuma, ng'ambo ya mto tu, na sioni sababu ya kuamini kwamba ukivuka Mto Ruvuma kuja upande huu streptokoka anakuwa mpole.

Sasa nisikilize upande wa pili, kwa sababu wanaotetea upasuaji wana hoja nzito. Wanasema kinga haimsaidii aliyekwisha kuharibika, na hao wapo leo, wamekaa kwenye mabenchi wakihema. Ni kweli tupu. Utafiti mkubwa uitwao REMEDY, ulioandikisha wagonjwa 3,343 katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen kuanzia 2010 hadi 2012, ulikuta umri wa kati wa wagonjwa ni miaka 28, na takriban theluthi mbili ni wanawake. Huo ndio umri wa kulima, kusomesha na kuzaa. Baadhi ya wanawake hugundua ugonjwa huu wakiwa wajawazito, kwa sababu ujauzito huongeza damu mwilini kwa karibu nusu, na mlango uliobana ambao ulikuwa unavumilika unashindwa kupitisha mzigo. Anayemwambia dada wa namna hiyo habari za kinga anamtukana. Anahitaji bingwa, kupanuliwa valvu kwa puto au kuwekewa mpya, na anahitaji jambo hilo karibu na kwao. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inahudumia mikoa saba, na kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Kudai huduma hiyo isogee kusini ni haki.

Tatizo ni pale upasuaji unapozungumzwa kana kwamba ndio mwisho wa safari. Niliwahi kukaa kwenye basi la kwenda Dar na kijana wa Rungwe aliyekuwa anarudi kliniki. Dereva alipozima injini Makambako nikasikia saa ikigonga, tik, tik, tik, nikaangalia mkono wake: hana saa. "Ni hii, mzee," akasema, akagusa kifua. Valvu ya chuma. Akanionyesha daftari la shule la kurasa 40 lililochorwa mistari kwa rula: tarehe, kiasi cha dawa ya kuzuia damu kuganda, majibu ya kipimo cha damu. Dawa hiyo ataimeza kila siku maisha yake yote. Ikizidi anatoka damu. Ikipungua damu inagandia kwenye valvu na anaweza kupooza. Hata figiri na chainizi anakula kwa mpangilio, maana mboga za majani zina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa. Angekuwa binti, angekuwa na fumbo jingine, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo, na kuiacha kunaweza kumuua mama. Zipo valvu zinazotokana na wanyama ambazo hazidai dawa hiyo ya maisha, lakini kwa vijana huchakaa mapema na kifua hufunguliwa tena. Upasuaji humwondoa mtu kwenye kifo cha karibu na kumpa kazi ya kudumu. Swali la nani atampimia damu kijana wa Ludewa kila mwezi haliulizwi siku ya kukata utepe.

Ipo hoja nyingine, nayo ni ya wasomi zaidi: tukianza kutibu kila koo kwa penisilini tutazalisha usugu wa dawa. Wasiwasi huo una msingi kwa jumla, kwa kuwa tunameza antibayotiki kama karanga. Kwa bakteria huyu, hata hivyo, mambo yako tofauti kidogo. Baada ya zaidi ya miaka 70 ya matumizi, streptokoka wa kundi A bado anakufa kwa penisilini ya kawaida. Matumizi mabaya yako kwenye vidonge sita vya amoksilini "vya kuanzia" vinavyouzwa dukani kwa koo ambalo, kama kweli ni la streptokoka, linataka siku 10 kamili au sindano moja ya penisilini ya benzathini. Na muda upo: tiba ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inazuia homa ya baridi yabisi. Maduka ya dawa muhimu, mpango uliojaribiwa kwanza Ruvuma mwaka 2003, yamesogeza dawa hadi vijijini. Yangeweza pia kusogeza ujumbe kwamba koo lenye homa kwa mtoto wa shule, bila mafua na bila kikohozi, liende zahanati.

Hoja inayonipa shida kweli ni kwamba wagonjwa wengi wa valvu, ukiwauliza, hawakumbuki koo wala homa. Kama maambukizi yenyewe hayakuonekana, ungemtibu nani? Nakubali kwamba kutibu makoo peke yake hakutamaliza ugonjwa huu. Nchi tajiri nyingi ziliona homa hii ikianza kupungua hata kabla ya penisilini, nyumba zilipokuwa pana na watoto wakaacha kulala kumi chumba kimoja, na hilo lingetufanya tuangalie kwa jicho jipya mabweni ya shule zetu za huku, ambako baridi husogeza vitanda na madirisha hufungwa tangu magharibi. Lakini wapo wanaoichukua historia hiyo na kuhitimisha kwamba tusubiri maendeleo. Mkoa wa Pinar del Río nchini Cuba haukusubiri. Kati ya 1986 na 1996, kwa mafunzo ya wahudumu, elimu kwa umma na orodha ya wagonjwa, mashambulizi mapya ya homa hiyo kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 25 yalishuka kutoka 18.6 hadi 2.5 kwa kila watu 100,000. Cuba ya miaka hiyo, hasa baada ya Umoja wa Kisovyeti kuanguka, haikuwa nchi ya kuonewa wivu kwa mapato.

Na kwa yule ambaye koo lake halikuonekana, jibu limetoka kwa jirani mwingine. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, zaidi ya watoto 100,000 walipimwa kwa eko, wakapatikana 818 wenye uharibifu wa awali usio na dalili wa kuandikishwa kwenye jaribio. Nusu walichomwa penisilini ya benzathini kila baada ya wiki 4, nusu wakafuatiliwa bila sindano. Baada ya miaka 2, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwishoni mwa 2021, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa watoto 3 tu wa kundi la sindano, yaani asilimia 0.8, dhidi ya 33 wa kundi jingine, asilimia 8.2. Ukipiga hesabu, unachoma watoto 13 kwa miaka miwili ili kumwokoa mmoja. Wapo watakaosema ni wengi mno, na sindano ile, nayajua makalio yaliyoionja, inauma. Mimi nikiweka mizani upande mmoja makalio ya watoto 13, upande wa pili lile daftari la kurasa 40, sioni ugumu wa kuchagua.

Hapa ndipo inapoibuka hoja dhaifu kuliko zote, na bahati mbaya ndiyo inayosemwa kwa kujiamini zaidi kwenye semina: watu wetu hawawezi kufuata sindano ya kila mwezi kwa miaka kumi. Tumeshaisikia. Mwaka 2001 Andrew Natsios, aliyekuwa mkuu wa shirika la misaada la Marekani, USAID, alipinga mpango wa kuwapa Waafrika ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, akidai kwamba wengi wao hawajawahi kuona saa, kwa hiyo hawataweza kumeza dawa kwa muda. Miaka mitatu baadaye Tanzania ikaanza kutoa ARV bure. Njombe, Iringa na Mbeya, mikoa iliyobeba mzigo mzito kuliko karibu yote nchini, ndiyo iliyokuwa darasa. Leo nenda CTC yoyote, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, uone: kadi yenye namba, tarehe ya kurudi, mhudumu anayepiga simu mtu asipotokea, mhudumu wa jamii anayekwenda kugonga mlango jioni. Bibi wa Wanging'ombe ambaye hakusoma anajua tarehe yake kuliko mhasibu anavyojua tarehe ya mshahara. Wagonjwa hawajawahi kuwa tatizo la utaratibu huu. Mgonjwa wa valvu hana kadi, hana namba, wala hana mtu wa kumpigia simu.

Dawa nayo haihitaji kugunduliwa. Penisilini ya benzathini ndiyo tunayomchoma mama mjamzito mwenye kaswende, kwa hiyo ina njia yake tayari ya kufika kliniki ya wajawazito na kuna muuguzi anayejua kuichoma. Haina ubavu wa kibiashara, ndiyo sababu viwanda vinavyotengeneza kiini chake duniani ni vichache na uhaba hutokea, jambo ambalo linataka maagizo ya mapema na si laana. Hofu ya wauguzi kwamba sindano inaweza kuua ni ya haki pia, na isipuuzwe. Mzio mkali upo, ingawa ni nadra. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kiliongeza tahadhari nyingine: kwa mgonjwa ambaye valvu zimeshaharibika sana, baadhi ya vifo baada ya sindano vinaelekea kutokana na moyo dhaifu kushindwa kuhimili mshtuko, hivyo wagonjwa wa namna hiyo ni heri wapewe vidonge. Tahadhari hiyo inaunga mkono hoja ya kuwahi. Sindano ina usalama mkubwa kwa moyo ambao bado una nguvu, yaani kwa mtoto ambaye hajajua kama ni mgonjwa.

Kuchelewa kuna mtego mwingine. Valvu yenye makovu ni kiota. Bakteria wanaoingia kwenye damu kupitia jino bovu au kidonda hukwama pale, na safari hii wanaila valvu yenyewe. Mgonjwa anakuwa na homa ya jioni wiki baada ya wiki, anakonda, na kwa kuwa homa kwetu ina majina mawili tu, anatibiwa taifodi mara tatu. Kila dozi inamtuliza bakteria bila kumwua, mpaka siku damu yake inapooteshwa maabara hakuna kinachoota. Kwa hiyo mwenye valvu mbovu anamhitaji daktari wa meno karibu kama anavyomhitaji wa moyo, na anahitaji kuwa na karatasi mfukoni inayomwambia mhudumu yeyote asiye na habari: huyu, kabla hujampa antibayotiki, chukua damu.

Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu homa hii mwaka 2018, na Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya mwaka 2024, kwa hiyo hakuna wa kusema hatujui la kufanya. Kwa Nyanda za Juu Kusini maana yake ni ya kawaida sana, karibu ya kuchosha: daftari la wilaya, kadi, kabati lenye dawa, muuguzi mmoja aliyefundishwa kushika eko ndogo ya mkononi, mwalimu wa afya shuleni anayejua kwamba goti linalohamia kwenye kiwiko si uvivu wa kulima bustani. Hakuna utepe wa kukata hapo. Bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023, itapimwa nami kwa kitu kidogo kama hicho: kama itamlipia mtoto wa Kyela sindano 13 kwa mwaka bila kumdai mama yake sababu.

Kambi ijayo ikifika Mbeya, nitakuwepo na kalamu yangu kama wenzangu, na idadi ya rufaa nitaiandika. Kisha nitauliza kuhusu watoto waliokutwa kambi iliyopita na valvu zilizoanza tu kupata kovu, wale waliorudishwa nyumbani kwa kuwa hawakuhitaji upasuaji: wangapi wamechomwa sindano mwezi huu, na orodha ya majina yao iko kwenye kabati la nani?